Kuanguka kwa Mabenki Madogo na Akiba ya Chama Chetu

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Pipeline, Nairobi)



Kamati imeniagiza niseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limetushughulisha mwaka mzima, nalo ni mahali pa kuweka fedha za Chama. Kama mjuavyo, limeletwa pendekezo kwamba akiba yetu yote, yaani fedha za mazishi, fedha za karo za yatima na fedha za mikopo, zitolewe katika mabenki zilimo sasa, zikusanywe pamoja, na kuwekwa katika benki moja ndogo ambayo imeahidi kutupa faida kubwa kuliko hii tuipatayo. Benki hiyo sitaitaja kwa jina. Sina neno baya juu yake, wala sijui yaliyomo ndani ya vitabu vyake. Na huko kutojua ndiko kunakonifanya nisimame hapa leo.

Waliotoa pendekezo hili ni watu wenye akili na wenye kukipenda Chama. Wamesema, na ni kweli, kwamba bei ya jeneza imepanda, na kwamba gari la kuchukua maiti kutoka Nairobi hadi Busia au Kitui haliendi tena kwa fedha za zamani. Wamesema pia kwamba katika benki kubwa mwanachama husimama katika foleni asijulikane na mtu, hali meneja wa benki hii ndogo alikuja mwenyewe Pipeline, akapanda ngazi hadi ghorofa ya sita, akanywa chai pamoja nasi. Jambo hilo nalo lina uzito wake. Sisi tunaoishi katika majumba haya, ambamo maji hupandishwa kwa mitungi na jua halifiki chini barabarani, hatutembelewi na mameneja mara nyingi.

Hata hivyo naomba ruhusa niwaeleze habari za mabenki madogo yaliyoanguka katika nchi yetu, kwa kuwa ni mengi, na vijana wetu wengi hawakuzisikia. Wazee mnazijua. Mzee mmoja wa Kamati alituletea kitabu chake cha akiba cha nyumba moja ya fedha iliyofungwa katika miaka ya 80. Kurasa zimegeuka rangi ya manjano, lakini hesabu iliyoandikwa na karani wa siku zile, kwa mkono mzuri, ingali yasomeka hadi senti ya mwisho. Kitabu anacho; fedha zenyewe hakuziona tena.

Kwanza lakini yafaa tuelewane juu ya benki ni kitu gani. Wengi wetu tukisema "fedha zangu ziko benki" twadhani ziko ndani ya sanduku la chuma, zimefungwa kwa kamba na kuandikwa jina. Sivyo. Tukiweka shilingi 100, benki huzitwaa na kumkopesha mtu mwingine anayejenga nyumba au kuagiza lori, na huyo hulipa kwa miaka. Sheria ya Kenya yaitaka benki iwe na fedha, au mali iwezayo kugeuzwa fedha upesi, isiyopungua asilimia 20 ya amana zake. Hizo nyingine zimetoka. Kwa hiyo hapana benki duniani, hata iwe kubwa namna gani, iwezayo kuwalipa wateja wote siku moja. Benki husimama kwa sababu wateja hawaji wote siku moja, na kwa sababu waliokopa wanalipa. Mambo hayo mawili yakiharibika pamoja, benki yaanguka. Na nyakati za shida ya uchumi ndizo nyakati ambazo yote mawili huharibika pamoja. Mwenye lori hapati mizigo, halipi deni. Mwenye akiba amepoteza kazi, anataka akiba yake.

Sasa tuitazame Kenya. Mwaka 1975 baridi kali iliua mibuni huko Brazil, na mwaka 1976 na 1977 bei ya kahawa ikapanda kupita kiasi. Fedha nyingi ziliingia nchini, na watu wakaona kwamba wakati umefika wa Waafrika wenyewe kumiliki mabenki, si kuwa wateja wa mabenki ya kigeni tu. Shauri hilo lilikuwa jema, nami nalitetea hata leo. Lakini njia iliyokuwa rahisi zaidi haikuwa kufungua benki kamili. Ilikuwa kufungua kampuni ya fedha au chama cha nyumba, ambacho sheria ilikidai mtaji mdogo kuliko benki, na ikakiruhusu kutoza na kulipa faida ya juu kuliko benki. Nyumba hizo za fedha zikaongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka ya 80. Zilifunguliwa kwa sherehe na matangazo, na mara nyingi katika orodha ya wakurugenzi mlikuwa na majina makubwa ya siasa.

Bei ya kahawa ilikwisha kushuka. Mwaka 1979 mafuta ya petroli yakapanda tena bei duniani. Mwaka 1982 kukawa na jaribio la kuipindua Serikali, na mwaka 1984 ukaja ukame. Katika mwaka huo huo wa 1984 Rural Urban Credit Finance ikaanguka. Mwaka 1986 Continental Bank ikafungwa pamoja na kampuni mwenzake ya Continental Credit, na Union Bank nayo ikashikwa na taabu hiyo hiyo. Uvumi ukaenea mjini kwamba nyumba zote za fedha za wenyeji ni mbovu. Mashirika ya umma, ambayo yalikuwa yameweka amana kubwa huko, yakazitoa kwa haraka. Hapo hata nyumba iliyokuwa na afya ikaugua, maana ukimwondolea mtu damu yake kwa ghafula hawezi kusimama, hata kama jana alikuwa mzima.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1985 sheria ilibadilishwa ili uwepo Mfuko wa Kulinda Amana, ambao ungemlipa mwenye akiba hadi shilingi 100,000 benki yake ikifungwa. Na mwezi wa Desemba 1989 nyumba tisa za fedha zilizokuwa taabani, miongoni mwake Union Bank, Jimba Credit, Estate Finance, Home Savings and Mortgages na Citizen Building Society, ziliunganishwa zikawa benki moja, Consolidated Bank of Kenya. Mashirika ya umma yaliyokuwa na amana humo yalipewa hisa badala ya fedha zao. Yatazameni majina hayo, Wazee: mali, nyumba, raia, akiba. Hapana hata moja lisilopendeza masikioni.

Ni nini kilichoziangusha? Watu husema, uchumi ulikuwa mbaya. Ni kweli, lakini si kweli yote. Uchumi ulikuwa mbaya kwa mabenki yote, na mengi hayakuanguka. Mvua kubwa hunyesha juu ya kila nyumba. Iangukayo ni ile ambayo nguzo zake zilikwisha kuliwa na mchwa zamani. Na mchwa wa nyumba hizi alikuwa ni yule yule karibu kila mahali: fedha za wateja zilikopeshwa kwa wakurugenzi wenyewe, au kwa kampuni zao, au kwa rafiki zao, bila dhamana ya kutosha, na hapana aliyethubutu kuwadai. Maadamu neema ilikuwapo, amana mpya ziliingia kila siku, na pengo halikuonekana. Shida ilipokuja, amana mpya zikakoma, na pengo likawa wazi kwa kila mtu.

Sitakaa sana juu ya miaka ya 90. Mwaka 1993, baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1992, na katika siku za kashfa ile ya Goldenberg, bei za vitu zilipanda kwa asilimia zaidi ya 40 katika mwaka mmoja. Trade Bank, Pan African Bank na Exchange Bank zilifungwa. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño kuharibu mabarabara na bomu la tarehe 7 Agosti kuutikisa mji huu, zikaja zamu za Trust Bank, Reliance Bank, Bullion Bank na nyingine. Neno moja tu nataka mlishike. Mwaka huo huo wa 1998 National Bank of Kenya nayo ilitikisika vibaya, na watu wakakimbilia kutoa fedha zao. Lakini hiyo ilikuwa benki kubwa na ya Serikali, na Serikali ikaikingia mkono. Benki ndogo ikitikisika huachwa ianguke. Mimi siihesabu hii kuwa haki, naieleza tu kama ilivyo.

Pengine kijana atasema, "Hayo yalikuwa zamani, sasa Benki Kuu ina macho." Basi na tuje karibu. Mwezi wa Agosti 2015 Dubai Bank Kenya ilifungwa. Hiyo ilikuwa ndogo sana, na watu hawakustuka. Lakini tarehe 13 Oktoba 2015 wateja wa Imperial Bank walifika asubuhi wakakuta milango haifunguliwi. Meneja mkuu wa benki hiyo alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na alipokwisha kuzikwa wakurugenzi wakaiarifu Benki Kuu kwamba wamegundua mambo yasiyo sawa. Kwa madai yaliyopelekwa mahakamani, mabilioni ya shilingi yalikuwa yametolewa kwa hila kwa muda wa miaka mingi. Wazee, mlifikiri hili: vitabu vya benki hiyo vilikaguliwa kila mwaka na wakaguzi wenye sifa. Majuma machache tu kabla ya kufungwa, ilikuwa imeuza hati za mkopo za shilingi bilioni 2, na watu wazoefu wa soko la mitaji walizinunua. Ikiwa wale wenye shahada za hesabu hawakuona, je, sisi tutaona nini kwa kunywa chai?

Kisha Chase Bank. Hii haikuwa benki ya kichochoroni. Ilikuwa ikisifiwa, hasa na vijana na wafanyi biashara wadogo, kwa kuwa iliwasikiliza. Mwanzoni mwa Aprili 2016 hesabu zake za mwaka 2015 zilitolewa kwa mara ya pili, zikiwa zimesahihishwa, na zikaonyesha kwamba mikopo kwa wakurugenzi na wafanyakazi ilipita shilingi bilioni 13. Habari ikaenea kwa simu za mkononi usiku na mchana. Katika siku za 1986 uvumi ulitembea kwa miguu na kwa basi. Mwaka 2016 ulikwenda kwa kidole. Watu waliokuwa wamelala kitandani walihamisha fedha zao bila kuvaa viatu. Tarehe 7 Aprili benki ikawekwa chini ya usimamizi, na ikafunguliwa tena tarehe 27 ya mwezi huo chini ya uangalizi wa KCB, kila mwenye amana akiruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni moja. Hili lilikuwa jambo la heri kwa wenye akaunti ndogo. Lakini kampuni, shule na vyama vilivyokuwa na zaidi ya hapo vilingoja. Mwezi wa Agosti 2018 SBM Bank, ambayo asili yake ni Mauritius, ilitwaa asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa, nazo zililipwa kwa awamu, si mara moja. Asilimia 25 ilibaki katika Chase Bank, ambayo baadaye ikafilisiwa mwaka 2021. Imperial Bank nayo iliwekewa mfilisi mwezi wa Desemba mwaka huo huo, yaani miaka sita na zaidi tangu asubuhi ile ya milango kufungwa.

Miaka sita. Chama cha mazishi hakiwezi kumwambia mjane angoje miaka sita.

Ili haki itendeke, yanipasa niseme pia habari ya upande wa pili, maana nisiposema mtanilaumu. Si kila benki ndogo huanguka. Equity Building Society ilianzishwa mwaka 1984, katika mkumbo ule ule wa vyama vya nyumba niliousema. Mwaka 1993 Benki Kuu iliikuta haiwezi tena kulipa madeni yake. Zaidi ya nusu ya mikopo iliyotoa haikuwa ikilipwa. Ilikuwa imekufa ila kuzikwa. Lakini haikufungwa. Iliacha kutoa mikopo mikubwa ya nyumba kwa watu wachache, ikaanza kuwakopesha wakulima wa chai na wachuuzi wa sokoni fedha kidogo kidogo. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, na leo ni miongoni mwa mabenki makubwa kabisa ya Afrika Mashariki. Kadhalika City Finance Bank, mojawapo ya zile zilizopata taabu mwaka 1998, ilichukuliwa mwaka 2010 na Jamii Bora, chama kilichoanza na ombaomba wa Mathare. Na mwaka 2020 Co-operative Bank ikaitwaa, ikaitwa Kingdom Bank. Kwa hiyo hatusemi kwamba udogo ni dhambi. Tunasema kwamba mtu aliye nje hawezi kujua ndogo ipi itakuwa Equity na ndogo ipi itakuwa Continental, na mtu asiyejua hawekezi vyote mahali pamoja.

Hebu sasa nitoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo habari za Kenya peke yake hazilionyeshi vizuri. Kati ya mwaka 1930 na 1933 mabenki yapata 9,000 yalifungwa huko Marekani. Mengi yalikuwa mabenki ya miji midogo, kila moja na jengo moja tu, na wateja wake wote walikuwa wakulima wa mahali pamoja. Bei ya ngano ilipoanguka, mkulima aliyekopa hakuweza kulipa. Na jirani yake aliyeweka akiba, naye pia mkulima wa ngano, alikuja kuitoa akiba hiyo siku hiyo hiyo. Mwenye kukopa na mwenye kuweka walikuwa watu wa hali moja. Hata katika siku zetu, mwezi wa Machi 2023, benki iliyoitwa Silicon Valley Bank huko California ilianguka kwa siku mbili, kwa kuwa wateja wake karibu wote walikuwa wa biashara ya aina moja, wakiongea wao kwa wao. Kwa siku moja tu walitaka kutoa dola bilioni 42.

Tazameni basi hapa kwetu. Ni nani anayeishi Pipeline? Ni mfanyakazi wa viwandani kule Industrial Area, ni kibarua wa uwanja wa ndege, ni mlinzi, ni mshonaji, ni mama anayewauzia mboga hao wote, ni mwenye bodaboda anayewabeba, na ni wakala wa M-Pesa anayewatumia fedha nyumbani. Viwanda vikipunguza watu, mama mboga hauzi, bodaboda hapati abiria, mpangaji halipi kodi, na mwenye jumba la ghorofa nane halipi deni lake. Tuliliona hilo mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Korona, amri ya kutotoka nje usiku ilipotolewa mwezi wa Machi. Katika majumba haya milango mingi ilifungwa kwa makufuli ya wenye nyumba. Nyumba ya fedha ambayo wateja wake wote ni wa mtaa mmoja kama wetu ni sawa na ile benki ya wakulima wa ngano.

Na hapo, ndugu zangu, nafika kwenye jambo ambalo Kamati ilisita kuniruhusu niliseme, kisha ikaniruhusu. Nyumba ya fedha ya namna hiyo tunayo tayari. Ni Chama hiki. Sisi twapokea akiba za watu, na twazikopesha. Wanaoweka na wanaokopa ni watu wale wale wa ngazi zile zile. Wakati wa Korona wanachama walikuja kuomba fedha katika juma lile lile ambalo waliokopa walikuja kuomba wasamehewe marejesho. Hatukuanguka, na sababu yake si werevu wetu. Ni kwamba fedha za mazishi zilikuwa zimetengwa katika benki nyingine, na kanuni zilikataza zisikopeshwe. Waliotunga kanuni hiyo ni Wazee walioona mambo ya 1986 kwa macho yao.

Tuje kwenye hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Mfuko wa Kulinda Amana niliousema sasa ni Kenya Deposit Insurance Corporation, na tangu mwaka 2020 kiasi kinacholindwa ni shilingi 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Wengine wetu wamelisikia hili wakafurahi, wakidhani kila mwanachama analindwa kwa 500,000 zake. Lakini akaunti ni ya Chama, na Chama ni mwenye amana mmoja. Tuchukue mfano, nao ni mfano tu: chama chenye watu 100, kila mmoja na akiba ya shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 2,000,000. Zikiwa zote katika benki moja, na benki hiyo ikifungwa, zinazolindwa ni 500,000, yaani 5,000 kwa kila mtu. Zilizobaki 1,500,000 huingia katika foleni ya mfilisi. Zikiwa katika mabenki manne, 500,000 kila mahali, zote zimelindwa.

Na ile faida ya ziada? Tuseme benki ndogo yatupa asilimia 3 zaidi ya mabenki makubwa. Katika shilingi 2,000,000 hizo, ziada ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Ni fedha nzuri, zatosha kumsaidia mtoto karo. Lakini ili ziada hiyo ifikie zile 1,500,000 zilizo hatarini, yataka miaka 25. Katika nchi hii hapajapita miaka 25 bila kundi la mabenki madogo kuanguka. Nimekwisha kuwasomea: 1984 na 1986, 1993, 1998, 2015 na 2016. Tena yafaa kujiuliza kwa nini mtu atupe zaidi ya wengine. Muuzaji wa nyanya akikupunguzia bei jioni, wajua kwamba nyanya zake hazitalala. Benki inayolipa zaidi ya wenzake ina haja ya fedha kuliko wenzake, na haja hiyo ina sababu ambayo sisi hatuambiwi.

Mwanachama mmoja aliuliza katika kikao cha Kamati kama si afadhali basi fedha zote ziende katika Sacco. Jibu ni kwamba Sacco ni jambo jema, na wengi wetu tumo. Lakini fedha zilizomo katika Sacco hazilindwi na shirika hilo la bima ya amana, na habari za KUSCCO, muungano wa Sacco zenyewe, ambamo upungufu wa mabilioni ya shilingi ulifichuliwa na ukaguzi, zimetuonyesha kwamba hata walinzi wa akiba hupoteza akiba. Mwingine akasema tuziache katika M-Pesa. Hiyo yafaa kwa kukusanya michango; mweka akiba wa kweli haweki fedha za yatima mahali ambapo mtu mmoja mwenye simu na namba ya siri aweza kuzitoa akiwa ndani ya matatu.

Bwana Mwenyekiti, kwa sababu hizo Kamati inaleta hoja tatu. Ya kwanza, pendekezo la kuhamisha akiba yote katika benki moja likataliwe, na fedha zigawanywe katika mabenki yasiyopungua manne, pasiwe na mahali penye zaidi ya shilingi 500,000 kwa muda upitao mwezi mmoja. Wale wanaoitaka benki ndogo hawakunyimwa: mojawapo ya manne hayo yaweza kuwa benki hiyo, kwa kiasi kile kile kinacholindwa. Ya pili, mjumbe wa Kamati asikopeshwe zaidi ya akiba yake mwenyewe, na jina la kila mjumbe mwenye deni lisomwe katika Mkutano Mkuu, pamoja na kiasi anachodaiwa. Najua kwamba hoja hii haikuwapendeza wote waliokaa meza ya mbele. Ilipita kwa kura, si kwa furaha. Ya tatu, fedha za mazishi zisikopeshwe kamwe, hata kwa siku moja, hata kwa dhamana ya namna gani.

Orodha ya mikopo ya wajumbe wa Kamati kama ilivyo hadi mwisho wa mwezi uliopita imebandikwa ukutani karibu na mlango, na Mweka Hazina amevileta vitabu vya mabenki yote hapa mezani. Kila mwanachama anaruhusiwa kuvitazama kabla ya kura kupigwa. Wasioweza kusoma maandishi madogo wataniona mimi, nami nitawasomea.